Dirisha Namba Nne

Miaka mitatu nimelijua dirisha hili kutoka nje:
kioo chenye ufa uliozibwa kwa gundi ya karatasi,
na chini yake tundu, nusu duara,
lililokatwa chini mno hata Wangatia, mrefu wetu,
hukunja mgongo kama anayeingia kwa wakwe.
Niliinama hapo na risiti za benki.
Niliinama na barua ya chifu.
Niliinama na pesa za miwa ya baba,
zilizokatwa na kiwanda kabla hazijakatwa na karo,
na kila mara sauti ikatoka tunduni:
Kuna salio. Anayefuata.

Leo niko ndani.

Usiku wa pili huu. Tuko sitini na kitu,
tumelala kati ya meza, mafaili ndiyo mito.
Nafula ameshika ufunguo wa choo
(mtu lazima aushike; hata mgomo una foleni).
Lihanda kapewa ufagio, ananung'unika, anafagia.
Mkate tumeugawa kwa rula.
Jana saa tisa kamili mvua ya Kakamega ilifika kazini
bila kuchelewa, bila kudai mshahara,
ikamwaga mawe yake ya barafu juu ya mabati
hata askari wakarudi ndani ya lori.
Tukashangilia.
Mvua haina upande, lakini jana ilikuwa yetu.

Ukutani, chini ya notisi ya karo mpya
na idara tatu zitakazofungwa,
Mmboga wa Kiswahili, idara ya pili kwenye orodha,
ameandika kwa chaki:

    Karo imepanda ngazi, sisi tumebaki chini,
    Baba kauza mbaazi, na shamba la mpakani,
    Mkopo ni kama uzi, wakatika mkononi,
    Tumelala siku hizi, sakafuni ofisini.

"Vina vimekaa," akasema Shisia,
"ila mizani hii haipimi unga."
Tulicheka. Kisha tukanyamaza
kwa muda mrefu kuliko tulivyocheka.

Nimekalia kiti cha karani.
Sponji imetoka; mwenyewe amekifumia kitambaa cha uzi wa kijani.
Kutoka hapa, anayesimama nje haonekani mzima.
Unaona mikono tu, na makaratasi,
halafu paji la uso linashuka.
Sikujua. Nilidhani anatudharau.
Kumbe hata yeye hakupewa nyuso zetu.

Nilikuwa natafuta kalamu. Droo haikuwa imefungwa:
dawa ya kichwa, kitana,
andazi moja ndani ya gazeti, limeanza kukauka,
na barua.
*Mimi, Rodah Khasandi, karani, naomba kwa mara ya tatu
nilipwe walau mwezi mmoja kati ya minne,
mwanangu wa Eldoret amezuiwa kufanya mtihani.*
Pembeni, kwa wino mwekundu, neno moja: *Isubiri*.

Mtu akasema, ipige picha, isambae, itatusaidia.
Nafula akaniangalia.
"Hiyo ni aibu ya mtu mwingine," akasema. "Irudishe."
Nikairudisha chini ya kitana.
Andazi sikulirudisha. Tulilikata vipande vitano.
Njaa haina adabu, na lilikuwa na iliki.

Sasa kumepambazuka kidogo, rangi ya chai ya mkandaa.
Malori yamewasha injini.
Kipaza sauti kinatupa dakika kumi
kwa Kiswahili cha kusomwa.
Wangatia anapita akiamsha waliolala,
Mmboga anajifunga kamba za viatu mara mbili,
Lihanda, sijui kwa nini, bado anafagia.

Dakika zangu mbili nimezitumia hivi:
nimechukua fomu ya kuomba kuahirishiwa karo,
nikaigeuza nyuma, nikaandika, nikaichomeka tunduni
ili aione kabla hajakaa,
kama kiti kitakuwepo, kama atakuwepo:

*Bi Khasandi, andazi lako tumelila.
Kuna salio.
Tunalijua.*